Nimealikwa kwenye bustani ya bia, mimi Msabato, mume amesema nisithubutu

Shikamoo Dada Mkubwa,

Pole na kazi ya kusoma matatizo yetu kila wiki. Mimi ni mdada wa miaka 29, kwetu Same, Upareni, ila kwa sasa nipo huku München Ujerumani nasomea uuguzi, ule mpango wa miaka mitatu unasoma huku unafanya kazi hospitali na wanakulipa kidogo kidogo. Mume wangu na mtoto wapo nyumbani. Mimi ni Msabato wa kuzaliwa, baba mzee wa kanisa, mume wangu shemasi, kwa hiyo unaelewa nilivyolelewa, pombe sijawahi kuonja, kitimoto sijui hata inanukiaje, kwetu hata chai ilikuwa ya mchaichai.

Sasa ishu yenyewe. Wodini kwetu kuna mama mmoja ndo mwalimu wangu wa vitendo, anastaafu. Huyu mama Mungu amzidishie, maana nilivyofika Kijerumani changu kilikuwa cha kwenye kitabu na wagonjwa wazee wa huku wanaongea Kibavaria, Kijerumani cha jimbo hili la Bavaria, hata neno sikamati, yeye ndo alikuwa ananikalisha chini baada ya shifti ananionyesha namna ya kuandika ripoti, mgonjwa kanywa maji kiasi gani, kidonda kikoje leo, sentensi moja moja mpaka nikaweza. Wenzangu wengine walikuwa wanaangalia saa wanaondoka. Basi anaaga Ijumaa ya mwisho ya Juni, ameandika kwenye grupu la wasap la wodi tukutane saa 11 jioni Augustiner-Keller, pale Arnulfstraße si mbali na stesheni kuu. Nikaenda kutazama kwenye ramani nikaona ni kiwanda cha bia ndo chenye jina, kuna mgahawa, kuna handaki la kunywea chini na bustani ya bia nje ya maelfu ya watu. Nikaishiwa nguvu.

Wodi huwa wanatoka pamoja na mimi huwa sijitokezi, nasema nimechoka. Juzi nikasikia mmoja anahesabu watu, akafika kwenye jina langu mwingine akamwambia "huyo huwa haji", wakaendelea. Iliniuma dada. Halafu bado nipo kwenye ile miezi sita ya majaribio, naogopa wasije wakaandika kwamba sijichanganyi na timu.

Nikamwambia mume wangu ukweli. Nilifikiri ataelewa maana anajua huyo mama amenisaidiaje. Akakaa kimya, baadaye akaniandikia: "Ukiingia baa, usinipigie kuniambia umefika nyumbani." Halafu akaongeza kwamba Ijumaa jioni ni Sabato, kwa hiyo sijui nataka kumkosea Mungu mara ngapi kwa siku moja. Tangu hapo tunaongea habari za ada ya mtoto tu.

Dada mmoja Mkenya tunayesali naye huku ananiambia niandike tu kwenye grupu kwamba naumwa, yaishe. Lakini naumwa gani wakati asubuhi yake nipo nao kwenye shifti?

Na nisikufiche, hata nikienda naogopa. Nitakula nini mahali ambapo kila kitu ni nguruwe? Nitakunywa nini? Na bili je, maana nasikia wanazungusha raundi za bia, mimi hela yangu nusu inakwenda nyumbani, nitalipiaje pombe ya watu nisiyoinywa? Halafu zile picha. Kuna watu wa Same wapo kwenye wasap yangu wanasubiri tu jambo. Nisaidie dada, siku zinakwenda.

Binti wa Upareni, München

* * *

Marahaba mdogo wangu, tena mtani wangu kabisa maana mimi Mchaga wa Kibosho, na nilivyoona tu Upareni nikajua barua hii haitaisha bila habari ya bili. Haya, nitakujibu mpaka senti ya mwisho.

Nitaanza na jibu halafu nieleze: nenda. Nenda kwa sababu ya yule mama. Mtu aliyekukalisha chini baada ya shifti yake kukufundisha kuandika kwamba kidonda kimekauka pembeni, anastahili umshike mkono umwambie asante mbele ya wenzake, na hiyo nafasi haitarudi Jumatatu maana Jumatatu hayupo. Ingekuwa ni party ya mtu usiyemjua vizuri ningekwambia baki nyumbani ulale na wala usijieleze. Ila kwenda kwenyewe kuna namna, na mume kwanza.

Twende kwenye Sabato, kwa sababu hapo mume wako amekosea saa na hajui kama amekosea. Sabato inaanza jua likizama, siyo saa 12 jioni ikifika. Nyumbani Same jua linazama saa 12 na nusu hivi mwaka mzima, ndo maana kichwani mwake Ijumaa jioni na Sabato ni kitu kimoja. Kule München mwisho wa Juni jua linazama saa 3 na robo usiku. Saa tatu na robo! Wewe mwenyewe unaona unavyohangaika na mapazia ukitaka kulala mapema. Kwa hiyo ukifika saa 11, ukakaa mpaka saa 2 kasoro, ukaondoka, umefika chumbani kwako, umeoga, umefungua Biblia na jua bado linachungulia dirishani. Mtu wa kukuambia umevunja Sabato hapo atahitaji kugombana na jua lenyewe.

Lakini angalia na hili, wakati wa kiangazi kule saa zenu zipo nyuma ya nyumbani kwa saa moja. Yaani ukiwa unaingia pale saa 11 yako, kwa mume wako ni saa 12 jioni, anaogesha mtoto, anajiandaa na ibada ya kufungua Sabato. Ukimpigia saa 12 na nusu yako kumwonyesha ulipo, kwake Sabato imeshaingia zamani na wewe upo na makelele nyuma. Hapo utakuwa umemwagia petroli. Ongea naye Jumatano au Alhamisi, kwa video, uso kwa uso, siyo meseji. Hiyo meseji yake ya "usinipigie" ni ya mwanaume aliyeogopa, mke yupo mbali, hamwoni, na anachokiona akilini ni baa anayoijua yeye. Taa za bluu, muziki wa kupasua spika, wahudumu wanakaa mapajani, watu wanarudi saa 10 alfajiri. Angekuwa anakataa hiyo baa, hata mimi ningekaa upande wake.

Sasa mweleze unapokwenda ni wapi. Bustani ya bia ya Bavaria, na nisidanganye, bia inanyweka, tena kwa glasi za lita nzima, glasi nzito za kioo hadi unawaonea huruma wahudumu wanazibeba nyingi kwa mpigo. Ila mahali penyewe ni mchana kweupe, chini ya miti mikubwa, mabenchi marefu ya mbao, bibi na babu wamekaa na wajukuu, watoto wanacheza kwenye bembea, mbwa amelala chini ya meza, familia ya pembeni imetandika kitambaa chao inakata jibini na figili. Mwambie mumeo ni kama makambi yenu ya kanisa, mabenchi, miti na vyakula vya kutoka nyumbani, toa mahubiri weka bia. Atacheka kwa hasira lakini picha itamwingia.

Na wala siyo mahali pa kukesha. Kuna kanuni ya serikali ya Bavaria ya mwaka 1999 kuhusu hizi bustani, muziki mwisho saa 4 usiku, kuuza chakula na vinywaji mwisho saa 4 na nusu, saa 5 watu wawe wanaondoka. Ilitokana na ugomvi wa majirani wanaotaka kulala, mpaka mwaka 1995 watu wa München wakaandamana wakitetea bustani zao zisifungwe mapema. Wajerumani kuandamana kwa ajili ya kukaa chini ya mti, mimi hiyo huwa inanifurahisha sana.

Kuhusu dhambi yenyewe, mimi Mkatoliki na nimekulia kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, usiniulize mimi kama kukaa meza moja na mtu mwenye bia ni dhambi kwako. Hilo ongea na mchungaji wako wa huko, siyo dada wa kwenye safu. Ninachoweza kukuuliza ni kitu kimoja: inayokataa ni dhamiri yako au ni hofu ya watu wa Same? Maana barua yako nimeisoma tena na tena, sehemu yote ya pombe umeandika mstari mmoja, "sijawahi kuonja", umemaliza, huna wasiwasi kwamba utakunywa. Wasiwasi wako wote ni nani atakuona. Kama kweli dhamiri yako wewe inakataa, usiende, mfuate huyo mama siku moja kabla na maua na kadi, umwambie kwa mdomo wako kwamba imani yako hairuhusu na kwamba hutamsahau. Ataelewa. Lakini kama ni watu wa Same, wale hata ukienda kununua nyanya watapata la kusema.

Haya, tuje kwenye tumbo. Hapa ndo utanishukuru.

Kwenye bustani za bia za asili za kule, unaruhusiwa kwenda na chakula chako mwenyewe. Siyo kwa kuficha kwenye pochi, ni haki, imeandikwa hata kwenye ile kanuni ya 1999. Stori yake ni kwamba zamani Bavaria ilikuwa marufuku kupika bia miezi ya joto, ni amri ya mwaka 1539, bia ilipikwa kuanzia mwisho wa Septemba mpaka Aprili tu. Ili ipatikane ya kiangazi ikabidi wachimbe mahandaki, waijaze barafu, na juu wakapanda miti ya chestnut kivuli kiipoze ardhi. Watu wakaanza kwenda kunywa palepale juu ya handaki, wenye migahawa mjini wakapiga kelele biashara inakufa, mwaka 1812 mfalme Maximilian I Joseph akaamua wenye mahandaki wauze bia lakini chakula wasiuze, isipokuwa mkate. Basi watu wakawa wanakwenda na vikapu vyao, na mpaka leo wanakwenda navyo ingawa chakula siku hizi kinauzwa tele.

Kwa hiyo wewe Alhamisi usiku kaanga sambusa zako za nyama ya ng'ombe, tengeneza kachumbari kwenye kopo linalofunga vizuri, chapati mbili tatu, weka kwenye kikapu na kitambaa kizuri, kitenge kitafaa sana kutandika mezani. Utafika pale wewe ndo mwenye meza. Hao wanaosema "huyo huwa haji" watakuwa wanakuuliza kama zimebaki. Makande acha nyumbani mtani, najua yanakuita, ila utaeleza mpaka bustani inafungwa.

Ila masharti mawili. Kinywaji huruhusiwi kwenda nacho, hata maji ya chupa, vinywaji unanunua kwao. Na chakula chako ni kwa zile meza tupu za kujihudumia tu. Meza zenye vitambaa vya mgahawa zina wahudumu wake, pale unaagiza kwenye menyu, ukifungua kopo la sambusa utafuatwa. Kwa hiyo kabla ya kukaanga chochote, andika kwenye grupu la wodi uulize tumekaa upande upi, wa kujihudumia au wa mgahawa? Swali la kawaida kabisa, na faida yake ya pili ni kwamba watajua unakuja.

Ikitokea ni upande wa mgahawa, au umechoka kukaanga, siyo kila kitu ni nguruwe, hapo umezidisha. Nguruwe ipo ya kutosha kweli, mguu mzima unang'aa kama umepakwa vanishi, huo utauona mwenyewe. Lakini kuna nusu kuku wa kuchoma, wanaita Hendl, huyo kula kwa amani. Kuna samaki mzima wa kijitini, Steckerlfisch, mara nyingi ni kibua au trauti, wote wana magamba kwa hiyo sharti lenu la samaki awe na magamba halijavunjwa. Anachomwa amechomekwa kwenye kijiti kirefu kimeinamia mkaa, ngozi inakauka mpaka inapasuka, wanakukunjia kwenye karatasi unamla kwa vidole. Mtu wa kutoka Bwawa la Nyumba ya Mungu hashindwi na huyo.

Vya kuuliza kwanza ni hivi. Ile jibini ya kupaka ya rangi ya chungwa, Obatzda, inaonekana haina neno, ila kwa asili inatiwa bia kidogo. Saladi ya viazi na kabichi chachu mara nyingine zina vipande vya nguruwe ndani. Ule mkate mkubwa wa kusokota, Brezn, wengine wanakandia na mafuta ya nguruwe, wengine siagi, muulize muuzaji atakwambia bila kununa, kule kuuliza kilichomo kwenye chakula ni jambo la kila siku. Na mchuzi mweusi wa nyama mara nyingi una bia nyeusi, usijimwagie tu.

Kinywaji, agiza Apfelschorle, juisi ya tufaha na maji ya gesi, au Spezi ambayo ni kola na soda ya machungwa. Zinakuja kwenye glasi kubwa, hakuna atakayekukodolea macho. Usidanganyike na Radler, watakwambia ni limonadi tu, ni nusu bia nusu limonadi. Na bia iliyoandikwa haina kilevi nayo uwe nayo macho, kwa sheria za kule inaweza kuwa na kilevi mpaka asilimia 0.5 na bado ikaitwa hivyo, hata ingekuwa sifuri kabisa mimi nakushauri uiache, kwa sababu kwenye picha bia ni bia, na Same hawasomi lebo. Wakinyanyua glasi kusema Prost na wewe nyanyua juisi yako, mwangalie kila mtu machoni mnapogonganisha, hilo wanalijali kuliko kilichomo ndani ya glasi.

Sasa bili, mtani wangu, vuta kiti. Hakuna raundi za lazima. Kule kila mtu kulipa chake ni kawaida kabisa, mhudumu mwenyewe anakuja anauliza mnalipa pamoja au kila mtu na lake, unataja ulichokula, unalipa, hakuna anayekuona bahili. Unaongezea kidogo cha mhudumu, kama ni euro 13 na senti kadhaa mwambie 14 au 15, unaitamka wakati unampa hela, huachi mezani na kuondoka. Upande wa kujihudumia unalipa kaunta kabla hujakaa, na wakikukata amana ya glasi usiiache glasi mezani ukaondoka, rudisha upewe hela yako, najua hilo sikuhitaji kukukumbusha. Halafu makazini kule kuna desturi kwamba anayeaga ndiye anayewanunulia wenzake kitu, kwa hiyo huenda huyo mama ameshapanga kulipia cha kwanza cha kila mtu, muulize mmoja wa wodini faragha. Utakachochangia ni bahasha ya zawadi na kadi ya kusaini, hapo toa ulichonacho, na kwenye kadi usiweke jina tu, andika mistari miwili kwa Kijerumani hichohicho alichokufundisha.

Jambo lako la bili lina kipengele kimoja cha Sabato ambacho nadhani hukukifikiria. Kama mnakaa kwenye meza za wahudumu, bili huwa inakuja watu wanapoondoka na wenzako wanaweza kukaa mpaka saa 4. Wewe hutaki kununua na kuuza jua likishazama. Saa 2 kasoro mwite mhudumu mwambie unataka kulipa chako peke yako mapema, kwaheri, tiketi ya treni ya mwezi ipo mfukoni tayari, huna cha kununua tena njiani.

Picha. Wajerumani kwa kawaida ni waoga wa picha kuliko sisi, na wana sheria ya tangu mwaka 1907 kwamba picha ya mtu haisambazwi bila ridhaa yake. Sema mapema tu wakati wa kukaa, "jamani mimi picha zangu msiweke mtandaoni", watasema sawa na watafuata. Ila piga moja wewe mwenyewe, wewe na yule mama, kikapu na kitenge mbele yenu, hakuna glasi ya mtu kwenye fremu, na hiyo mtumie mume wako Jumapili kabla mtu mwingine hajamtumia kitu. Asikutane na habari zako kwa watu.

Ile miezi ya majaribio nayo ni kweli mkataba unaweza kuvunjwa bila maelezo mengi, sikufichi, lakini kukaa na wenzako baada ya kazi siyo kazi, na hakuna fomu yenye kisanduku cha "alikunywa bia". Wanachotazama ni unafika kwa wakati, unajifunza, wagonjwa wapo salama. Kinachokuumiza wewe ni kile "huwa haji", na hicho umekisababisha mwenyewe kwa kusema umechoka badala ya kusema ukweli. Ukisema umechoka kila mara wanaona hutaki kukaa nao. Ukisema mimi Msabato, sinywi, sili nguruwe, Jumamosi ni siku yangu ya ibada, wanajua wakupangie nini, na usishangae mmoja akakwambia naye hanywi kwa sababu ya dawa au mtoto au hapendi tu.

Ndo maana huyo dada Mkenya mwambie asante lakini hapana. Umwambie muuguzi mwenzako unaumwa, asubuhi amekuona unageuza wagonjwa, halafu Jumapili anakuona barazani kwenu umevaa vizuri unacheka? Wewe unamkimbia shetani wa bia unakwenda kukumbatia wa uongo.

Kwa mume, mwisho. Usiombe ruhusa kama mtoto na usimtangazie kama bosi. Mwambie: nakwenda kumuaga mwalimu wangu, nitakaa muda huu mpaka muda huu, nitakula hiki, nitakunywa hiki, jua likizama nitakuwa chumbani naomba. Mweleze habari ya jua, yeye shemasi, hesabu ya machweo ataielewa haraka kuliko maneno yangu yote. Akisema bado hapana, msikilize sababu, usikate simu. Inawezekana hilo hapana halihusu bia kabisa, inawezekana ni ile kwamba wewe unajifunza maisha ambayo yeye hayaoni, anaogopa utarudi mtu mwingine. Hayo mazungumzo mtayafanya tu siku moja, bora yaanzie kwenye sambusa na juisi ya tufaha kuliko kwenye jambo kubwa zaidi. Wewe ndo mke wake, unajua kamba inavutika mpaka wapi.

Na angalia hali ya hewa Alhamisi. Mvua ikinyesha wanahamia ndani kwenye mgahawa, na ndani chakula cha kutoka nyumbani hakiruhusiwi, kwa hiyo sambusa zigawe wodini mchana kabla shifti haijaisha, halafu jioni agiza kuku. Beba na sweta.

Dada Mkubwa